Kwa Nini Mkwaruzi Hulala Uani

Aliyemwambia Mwajabu habari hii kwanza alikuwa Bi Somoe, nesi mstaafu, siku alipomkuta kibarazani akikunja na kukunjua kadi ya kliniki. Kesho yake ilikuwa chanjo ya pili ya mwanawe, Hiari. Ya kwanza ilimletea mtoto homa, na Mwajabu alikuwa amekusudia kutokwenda.

"Mwili mdogo hivi utajuaje kupigana na ugonjwa usioujua?" aliuliza, sauti ikiishia ndani ya kanga.

"Uliza kwa nguvu, mama Hiari. Sing'ati, meno yenyewe yamebaki mawili."

Zamani hizo, Bi Somoe alisema, kila chembe ya mwili ilikuwa nyumba, na katika chumba cha ndani kilitunzwa kitabu cha ukoo, chenye maagizo ya kila kazi. Kwenye nyumba za wafua mishale, waliotengeneza silaha za kupiga magonjwa, aliishi Mkwaruzi, kipofu mwenye ukucha mmoja. Ugonjwa mpya ulipokuja, na mishale ya zamani ikateleza juu yake, alikwaruza ukurasa wa mishale, herufi hapa, herufi pale, mpaka ukapatikana mshale unaonasa.

Lakini alilala humo humo chumbani, na mkono wake haukujua kutulia. Ukurasa wowote uliofunuliwa aliupitishia ukucha. Siku moja akakwaruza ule unaosema, "Hapa ujenzi ukome." Nyumba ile ikazaa nyumba, nazo zikazaa nyumba, hata majirani wakakosa pa kupumulia.

Wakubwa wa mwili wakamburuta uani, wakamfunga kamba, wakangoja siku ya kumuua. Juma halikuisha, ugonjwa mgeni ukaingia, na mishale yote ikateleza. Wakamwendea.

"Mnaniitia nini?" Mkwaruzi akawacheka. "Si mlisema mimi ni msiba?"

"Msiba ni kulala kwako, si kazi yako," akajibu bawabu wa chumba. "Ingia, kwaruza, toka."

Wakapatana hivyo. Akiitwa, ataingia, akimaliza, atasukumwa nje, akizubaa humo ndani, atavunjwavunjwa.

Na tangu siku hiyo Mkwaruzi hulala uani akiwa ameshikwa shati asiingie bila kuitwa, na mwili hupata mishale mipya bila kujiharibu. "Mara nyingi," Bi Somoe aliongeza, "maana hata bawabu husinzia."

"Na sindano je?"

"Sindano ni hodi tu, mwanangu. Huonyesha sura ya adui kabla adui mwenyewe hajafika. Ile homa ilikuwa kelele za wafua mishale."

Asubuhi iliyofuata Mwajabu alikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Jina lilipoitwa, alimfunua mtoto paja kwa mkono wake mwenyewe, akamwinamia, na kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni akasema, "Hodi."