Jirani Aliyekaa Kimya

Mama mmoja Myahudi, jina lake Tirsa, alikuwa na mtoto mmoja tu. Mtoto akashikwa na homa. Tirsa alimwomba Mungu siku tatu bila kula, na siku ya nne mtoto akafa. Walipotoka kuzika aliketi sakafuni, kama watu wake wanavyoketi siku saba za msiba, akasema moyoni, "Nimemwita, hakuitika. Simwiti tena."

Jirani yake, Hulda, akaja na mayai ya kuchemsha na dengu, kwa maana kwa Wayahudi mfiwa hali chakula chake mwenyewe akitoka kuzika. Hulishwa na jirani. Akammenyea yai, akamtia mkononi, akaketi chini karibu naye. Hakusema pole. Hakusema lolote.

Kesho yake akaja tena. Akateka maji, akafagia, akafua shuka za mtoto bila kuambiwa, akaketi. Siku ya tatu vilevile. Tirsa akaona sasa ameachwa na wote wawili, Mungu na jirani.

Siku ya nne ya msiba Tirsa akamgeukia.

"We Hulda, umekatwa ulimi? Siku zote hizi unanikodolea macho tu! Kama huna la kuniambia, si ukae kwako?"

Hulda akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Dada yangu, msiba umekusahaulisha: kwetu anayefariji hafungui kinywa mpaka mfiwa aanze. Tangu siku ile nakungoja wewe."

Ndipo wakasema. Wakamtaja mtoto kwa jina lake, na jinsi alivyokuwa akiwasalimu kuku kila asubuhi kama watu wazima. Wakalia, na katikati ya kulia wakacheka kidogo.

Hulda alipokwenda zake, Tirsa alibaki peke yake sakafuni. Akafungua kinywa kwa Mungu. Hakumsifu, hakuwa na sifa. Alimlaumu, kwa sauti, mpaka sauti ikamkauka. Kwa nini mtoto alikufa, hilo hakujibiwa. Lakini alilaumu kama mtu anayemlaumu aliye karibu, na siku ya tano akaendelea naye pale walipoishia.

Nawe uliyenyamaziwa na Mungu, ukasema amekwenda zake: umepata kuuliza kama ameketi hapo sakafuni, akingoja wewe uanze?