Kamati Iliyobisha Hodi

"Wafute!" Mzee Kobelo alipiga meza. "Wote watatu. Mtoto haji shule mwezi mzima, wewe unamtunzia nafasi kama bibi harusi?"

"Siwafuti, Mwenyekiti," alijibu Mwalimu Salome. "Majina ya mtihani wa darasa la saba yanapelekwa Ijumaa. Nikimfuta mtoto leo, shule kwake imeishia hapo."

"Watatushusha! Mwaka jana tulikuwa wa mwisho kata nzima. Nilichekwa mpaka msibani."

"Msibani?"

"Msibani, Mwalimu! Mtu anamlilia mama yake, akiniona anacheka."

Mzee Kobelo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na Mwalimu Salome ndiye mwalimu mkuu. Mzee hakuwa mtu mbaya. Aliipenda shule ile, na pengine aliipenda kupita kiasi. Asubuhi alisimama getini kuona mwalimu gani kachelewa. Kisha aliingia darasani, akachukua chaki na kusahihisha hesabu. Siku moja alisahihisha hesabu iliyokuwa sahihi. Wanafunzi wakanyamaza kwa adabu.

"Mzee wangu," Mwalimu Salome alisema kwa upole, "chaki nimeajiriwa niishike mimi. Nikifundisha vibaya, kamati iniite, inihoji. Lakini nikienda kwa mzazi kumwulizia mtoto, ananiona mgeni anayeleta lawama. Ninyi mmechaguliwa na wazazi wenyewe. Mkibisha hodi, nani atakataa kufungua?"

Bi Tausi, mjumbe wa kamati, alikuwa pembeni muda wote akinywa chai. Akaweka kikombe chini. "Hapo amekushika, Mwenyekiti."

"Haya! Kesho asubuhi twende. Na nitaongoza mimi."

Kesho yake wakaenda, wote watatu.

Nyumba ya kwanza walimkuta mjomba mtu. Mpwa wake Shukuru alikuwa malishoni na mbuzi.

"Ungekuwa umemzaa wewe," Mzee Kobelo alimwuliza, "saa hizi angekuwa na mbuzi?"

Mjomba aliinamisha kichwa. Jirani akakubali kuwachunga mbuzi wale pamoja na wa kwake, na Shukuru akaitwa aje kunawa miguu.

Nyumba ya pili palikuwa na binti aliyeunguza sketi yake ya shule kwa pasi. Aliona aibu kusema, mama yake akadhani ameichoka shule. Bi Tausi alicheka, akaahidi kuleta sketi ya mwanawe jioni ile ile.

"Kumbe ni mambo ya kuuliza tu!" alisema Mzee Kobelo. Sasa alikuwa anatembea kifua mbele. "Amebaki nani?"

"Yudita."

"Yudita wa nani?"

"Alikuja mwaka jana kutoka Dodoma," alisema Mwalimu Salome. "Mama yake alimkabidhi kwa watu wa hapa awasaidie kazi, nao wakaahidi kumsomesha. Alikuwa wa pili darasani. Tangu azaliwe mtoto mchanga kwenye nyumba hiyo, hatujamwona tena."

"Watu wengine hawana haya kabisa," alisema Mzee Kobelo. "Nipeleke. Leo watanitambua."

Wakapita mashine ya kusaga, wakavuka mtaro, Mwalimu Salome akasimama mbele ya nyumba yenye mlango wa bluu.

Mzee Kobelo akaangua kicheko. "Mwalimu, umepotea njia. Hapa ni kwangu!"

Mwalimu hakucheka. Bi Tausi naye hakucheka.

"Hapa hakuna Yudita," aliendelea Mzee, sauti ikipungua. "Yupo mke wangu, yupo binti yangu aliyejifungua, yupo mjukuu wangu, na Dada anayembeba..."

Akautazama mlango wa bluu.

"Huyo mnayemwita Dada," Bi Tausi aliuliza taratibu, "mama yake alimpa jina gani?"

Mzee Kobelo hakuwahi kuuliza; hata getini alikuwa akiwatazama walimu tu, si wanafunzi. Msichana yule alikuwa amempikia chai asubuhi ile ile.

"Ulisema utaongoza wewe, Mwenyekiti," alisema Mwalimu Salome.

Mzee akasogea. Akabisha mlango wake mwenyewe kama alivyobisha milango ya wenzake. "Hodi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata wa nyumbani kwake wasingeitambua.

Ndani, kichanga kilikuwa kinalia. Kisha sauti ya msichana ikajibu nyuma ya mlango:

"Karibuni. Ila Mzee hayupo. Amekwenda kuwatafuta watoto wasiokwenda shule."

Funzo: Aliyepewa dhamana ya shule hatazami waliofika darasani tu; kazi yake ni kumwulizia asiyeonekana, na aanze kumwulizia nyumbani kwake.