Kamba ya Nyumba Tatu

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa nini?
— Sema wewe.
Pakawa kiu. Sogeeni basi. Anayetaka hadithi ya kucheka aende kwa jirani, mimi leo sina.

Zamani hizo, mawe yalipokuwa bado laini na mioyo ya watu migumu, palikuwa na kijiji kiitwacho Mafungu. Jina hilo walipewa na majirani, kwa kuchoshwa nao. Palikuwa na nyumba tatu, kila nyumba na watu wake, na nyumba hizo zilikuwa hazipikiki chungu kimoja. Babu zao waligombania nini? Hakuna aliyejua tena. Walichojua ni kugawa. Wakichinja mbuzi, mafungu matatu. Wakivuna mtama, mafungu matatu. Siku moja walimnyang'anya nyani boga lililokwisha kutafunwa, nalo wakaligawa mafungu matatu, na yaliyoachwa na meno ya nyani wakayapima kwa kidole. Mnacheka. Chekeni sasa hivi, baadaye hamtapata nafasi. Na kila walipogawa walisema: Kwa haki, kila mtu na chake. Hebu semeni nami.

— Kila mtu na chake.

Haya. Mvua ikakataa. Ikakataa mwaka wa kwanza, ikakataa wa pili, ikakataa wa tatu. Kisima kikawa matope, matope yakawa vumbi. Mbuzi wakafa wamesimama. Maji yalibaki mahali pamoja tu, chini ya mlima, ndani ya shimo refu. Na shimo lile mdomo wake mwembamba. Mtu mzima akijaribu, mabega yanakwama. Mtoto mdogo akishushwa, anazimia kwa hofu. Shimo lilitaka vijana, wale ambao si watoto na si watu wazima.

Wakatolewa watatu, bila shaka. Wa nyumba ya kwanza alikuwa Mhando, mrefu, mabega yameanza kumpanuka. Wa nyumba ya pili alikuwa Singano, mdomo wake haukujua kupumzika. Wa nyumba ya tatu alikuwa binti, Mwanaheri. Huyu alikuwa na mdogo wake nyumbani, Tunu, mtoto wa kutambaa. Tunu alikuwa analia bila machozi. Mwanaheri alimtazama asubuhi ile, akamwambia, "Ukinisubiri nitakuletea." Hilo ndilo lililompeleka.

Sasa kamba. Sikilizeni habari ya kamba. Kila nyumba ilisokota yake, nyembamba. Kisha zote tatu zikasokotwa pamoja, zikawa kamba moja nene kama mkono. Lakini ncha za juu ziliachwa mbalimbali, na kila nyumba ikashika ncha yake, mama mbele, watu wake nyuma. Hata kushusha watoto walishusha kwa mafungu.

Akashuka Mhando. Akashuka Singano, na kibuyu chake kikagonga jiwe, ko. Akashuka Mwanaheri. Mmeisikia ile ko? Ishikeni, msiidondoshe.

Chini palikuwa na njia ya kutambaa, kama tumbo la nyoka. Mhando mbele na mwenge, Mwanaheri katikati, Singano nyuma.

"Mhando, unaona nini?" aliuliza Singano.

"Jiwe."

"Na mbele ya jiwe?"

"Jiwe. Nyamaza, unanimalizia hewa."

Wakatambaa mpaka magoti yakatoka damu, wakayafikia maji. Maji baridi, kidogo, kwenye bakuli la jiwe. Walikunywa kila mtu kiganja kimoja, wakatazamana, wakacheka. Kwa muda ule mfupi hapakuwa na nyumba tatu. Wakajaza vibuyu vyote vitatu, bakuli likabaki tupu.

Wakati wa kurudi, mwenge ukaanguka kwenye unyevu, ukafa. Mmewahi kukaa gizani kweli? Si giza la usiku, usiku una nyota. Giza la chini ya ardhi, ukifumba macho na ukiyafumbua ni mamoja. Vibuyu walikuwa wakivipitisha mkono kwa mkono, nyuma kwenda mbele, kila walipobanwa. Na humo gizani ikasikika sauti ndogo ya maji.

"Nani anakunywa?" alisema Singano.

"Si mimi," alisema Mhando.

"Si mimi," alisema Mwanaheri.

Wakatambaa. Sauti ikaja tena. Wakauliza tena, wakajibu vilevile. Mara ya tatu hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake akimeza mate, na akahesabu kwamba si mate.

Walipofika chini ya mdomo wa shimo, mwanga ulikuwapo kidogo. Singano akapima kibuyu chake mkononi. Kilikuwa nusu.

"Maji yangu mmeyanywa," alisema. "Sote tuna wagonjwa nyumbani, na ninyi mmeninywea mimi."

"Muulize huyo," alisema Mhando. "Yeye ndiye alikuwa katikati, kila kitu kilipita kwake."

Mwanaheri aliapa kwa kichwa cha Tunu. Walimwambia asimtaje mtoto katika uongo. Hapo akalia, na kulia kwake wakakufanya ushahidi.

Sasa ikaja kazi ya kutoka. Mwanaheri akasema, "Tupande mmoja mmoja kwa kamba nzima, kama tulivyoshuka."

"Nani kwanza?" aliuliza Mhando. "Akitangulia Singano, mama yake akishampata mwanawe, ataendelea kunivuta mimi? Ataachia ncha aende zake. Mamangu naye angefanya hivyo hivyo, namjua."

Na ilikuwa kweli, kila mmoja alimjua mama yake. Vijana wale hawakuwa wabaya. Walifanya walilofundishwa. Singano akainua uso akaita juu, "Mama! Itenganisheni kamba! Kila nyumba imvute wake!"

Kwa haki, kila mtu na...?

— Chake.

Mnasema polepole sasa.

Huko juu Mama Mwanaheri alisema, "Jamani, tusiifumue. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Unataka wako atoke kwanza kwa jasho letu," alisema Mama Singano.

"Kamba yangu niliisokota mwenyewe," alisema Mama Mhando. "Wewe yako ulitia nini hata uiogope?"

Mama Mwanaheri akainama akashika ncha yake. Wakaivuta kamba, wakaifumua, wakateremsha kamba nyembamba tatu. Vibuyu vikatangulia, na vilipanda salama. "Mnaona? Zinabeba," walisema wa juu. Mama Singano akakiona kibuyu chake ni nusu, akasonya, akakiweka kando juu ya mchanga. "Wamemnywea mwanangu," alisema, na akashika kamba kwa hasira.

Kamba zikashuka tena. Ya Mama Mwanaheri ilikuwa imejifunga fundo, akabaki kulifungua. Wale wengine hawakumngoja. Mhando akajifunga, Singano akajifunga. Nyumba ya kwanza ikavuta. Ya pili ilipoona mwenzake anavuta, ikavuta kwa kasi zaidi. Wakapanda wawili wale sambamba, hawatazamani. Mdomoni mwa shimo jiwe lilikuwa kali.

Kamba ya Mhando ikakatika. Kamba ya Singano ikakatika.

Mwanaheri alikuwa chini.

Siwaambii alichokiona. Nitawaambia alichofanya. Alikaa kati yao, mkono mmoja kwa huyu na mmoja kwa huyu, na hakuita. Mama wawili juu walikuwa na vipande vya kamba vyepesi mikononi. Walivuta tena, na tena, na tena, kana kwamba vilikuwa na uzito.

Kisha Mama Mhando alijikokota mpaka kwa Mama Mwanaheri. Akaweka kipande chake kando ya kamba ile iliyokuwa nzima, akaanza kusokota. Mama Singano naye akaja. Wakaunga, wakasokota, machozi yakiingia kwenye nyuzi, mpaka ikawa kamba moja. Wakaishusha. Nyumba tatu zikashika pamoja, bila ncha ya huyu wala ya yule, zikamvuta Mwanaheri, na kamba haikulia hata kidogo. Ingewatoa wote watatu.

Tunu alipewa maji ya kibuyu cha Mhando, na aliyemnywesha ni Mama Mhando kwa mkono wake. Mtoto akanywa, akalala.

Mama Singano alikwenda kuchukua kibuyu chake. Kilikuwa chepesi, na mchanga chini yake ulikuwa umelowa. Akakipapasa. Chini, pale kilipogonga jiwe, kidole chake kikauona ufa, mwembamba kama unywele.

Hakuna aliyekunywa.

Akaweka kidole gumba juu ya ule ufa, akauziba. Akakaa vivyo hivyo mpaka jua likazama, ameuziba ufa wa kibuyu kitupu. Maji yakimwagika hayazoleki. Wanasema hata mvua ilipokuja hakukiachia.

Kamba yangu ya maneno imefika mwisho. Wasimulizi huaga kwa kusema, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Mimi leo sikubali. Hii ni mbaya, na hatugawani. Ya nani?

— Yetu sote.

Basi inukeni. Shikaneni mikono mkirudi, njia ina mawe.