Jina la Ukanda wa Mwisho

Hapo zamani, mjini Siyu, aliishi sonara aitwaye Shekue. Bunduki zilizopita mikononi mwake hazikuwa za kumwua mtu. Alizivisha fedha tangu kitako hadi mdomo, zikabebwa mbele ya bwana harusi. Mlangoni kwa bibi harusi mbebaji husimama na kusoma kwa sauti jina la mwenye nakshi, lililochorwa kwenye ukanda wa mwisho, ule wa mdomoni. Husomwa jina moja tu, maana ukanda wenyewe upana wake ni kidole.

Bwana Famau alimletea bunduki ya harusi ya mwanawe, akataka nakshi ambayo mji haujaiona. Shekue hakuwa nayo. Mkewe, Mwana Mize, msusi wa mikeka, akamwambia asihangaike. Akasuka utepe wa mkeka wenye nakshi mpya, na Shekue akaufuata mstari kwa mstari, akigonga fedha. Walipofika nusu ya bunduki, Mwana Mize akaugua. Siku ya tisa akafariki, na utepe ukabaki nusu.

Siku arobaini Shekue hakuwasha moto. Alipouwasha, aliona heri arudie nakshi ya nusu ile ile kwenye sehemu iliyobaki. Lakini fedha hugongwa kwa nyuma, na mchoro hutokea mbele umegeuka. Kila sonara hulijua hilo, na huugeuza mchoro kwanza. Safari hii Shekue alisahau. Vipande viwili vikatazamana, mistari haikuungana.

Alikuwa amekishika kipande cha pili kwa koleo ili akiyeyushe, shemejiye, Mwana Zena, ndugu wa Mwana Mize, alipoingia na bakuli la uji.

“Shemeji, kiweke chini,” alisema. “Hivi havikugombana, vinatazamana tu. Niachie nafasi ya vidole viwili hapo katikati.”

Naye alikuwa msusi. Akasuka kiungo kifupi cha kushika mistari ya huku na ya huku, Shekue akakigonga kwa fedha. Nakshi ikatoka kamili, na Bwana Famau alipoiona akaipapasa tangu kitako hadi mdomo. Kisha akauliza mbona ukanda wa mwisho mtupu.

Mwana Zena hakuficha kwamba alitaka lichorwe jina lake mwenyewe. Dada yake aliacha nusu, alisema, na nusu haibebwi harusini.

Bwana Famau hakukubali. “Chora lako, Shekue. Miaka miwili umeinamia fedha hii. Hata kosa ni lako, na bila kosa lile nakshi hii isingekuwapo.”

Shekue alipangusa ukanda kwa kidole gumba. “Nakshi ilianza kwa Mize,” akasema. “Naye hana tena mahali pa kuitwa.”

“Na mimi naitwa wapi, shemeji? Jikoni.”

Shekue akacheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi, na kicheko kilimkaa vizuri. Akanywa uji wake wote, akachukua tindo.

Nje ngoma zimeanza, bwana harusi keshavaa kilemba. Ukanda ni upana wa kidole. Haya, nyinyi mliosikiliza: tindo ingekuwa mkononi mwenu, mngechora jina la nani?