Pengo la Maalim Swalehe

Chukua herufi, pengo mwachie mwalimu. Nimemwambia Rehema maneno haya asubuhi, nanyi nyote mkaangua kicheko, eti bibi kaanza kuchanganyikiwa. Haya, kaeni chini. Choroko hizi mtachambua huku mnasikiliza, maana kusikia hakuhitaji mikono. Maneno hayo yana asili yake, na mimi nilikuwapo yalipozaliwa.

Nilipokuwa mtoto, huku kwetu Kondoa, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa Maalim Swalehe, mtu mpole mwenye subira ya ajabu. Alifundisha bila kiboko, na nyinyi hamjui hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani. Ila mbele mdomoni hakuwa na kitu. Punda wake alimpiga teke siku alipokuwa akimpakia magunia ya ufuta, meno manne ya juu yakaenda. Sisi tulioanza chuo baada ya teke hilo hatukuwahi kumwona na meno.

Kanuni yake ilikuwa moja. "Herufi haikai kitabuni, inakaa mdomoni," alikuwa akisema. "Nitazameni mdomo, mfuate." Tukamtazama, tukafuata. Sasa, zipo herufi za Kiarabu ambazo ncha ya ulimi lazima iguse meno ya mbele ya juu. Maalim hakuwa nayo, kwa hiyo hewa ilimponyoka midomoni, fuu, kama mtu anayepoza chai. Nasi tukapoza chai! Chuo kizima, meno yetu tele, tunapuliza. Wazee waliosoma kwake kabla ya teke walisikia, lakini nani angethubutu kumwambia mwalimu wake kwamba herufi zake zimeharibika? Mwenyewe hakujua. Masikioni mwake alijisikia vilevile kama zamani.

Basi, palikuwa na mwanamke wa makamo akiitwa Bi Sikudhani, mfinyanzi wa vyungu. Utotoni alichunga mbuzi, chuo hakukiona hata mlango. Mama yake alipofariki, wanawake walikaa kusoma hitima, juzuu za Msahafu zikagawiwa. Yeye, mtoto pekee wa marehemu, alipopewa yake aliipitisha kwa jirani kama sahani ya mtu mwingine. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Nikamsikia akisema chinichini, "Mama yangu anasomewa na watu, mimi nimekaa kama mgeni." Iliniuma, jamani, ingawa nilikuwa mdogo.

Kesho yake akaja chuoni, akaketi mkekani katikati yetu watoto.

"Maalim," akasema, "siku ya arobaini nataka nimsomee mama kwa mdomo wangu mwenyewe. Alhamdu na Suratul Kauthar, basi."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Zinatosha, mama, ukija kila siku."

Akaja kila siku, udongo bado uko kwenye kucha. Herufi ya kooni, ile 'ain, ilimtoa jasho kwelikweli. Ilimtoka kama mtu anayetaka kutapika, tukamcheka mpaka Maalim akatufukuza tukakae juani. Yeye hakukasirika. Nyumbani alifinyanga huku anasoma, akikosea anarudi mwanzo. Ukipita njia ulisikia Alhamdu inatoka nyuma ya vyungu, leo imepinda, kesho imenyooka kidogo. Mwezi ulipopita alikuwa anasoma sura zote mbili bila kukwama, tena kwa kupuliza alitushinda sote. Alikuwa ameutazama mdomo wa Maalim kuliko sisi.

Zilipobaki siku nne, akafika wifi yake kutoka Tanga, Mwanakombo, ambaye huko kwao alikuwa akifundisha chuo. Sikudhani kwa furaha yake akamsomea. Mwanakombo alisikiliza mpaka mwisho.

"Umejitahidi wifi yangu, mashaallah. Lakini hapa kwenye Kauthar mbona unapuliza? Herufi hiyo haiko hivyo."

"Ndivyo anavyosoma Maalim."

"Basi Maalim wako anakosea."

Siku hiyo Sikudhani hakula. Akibadilisha, Maalim atakuwapo kwenye arobaini, na watu wote watasikia kwamba amemsahihisha mwalimu wake hadharani, mtu aliyemfundisha bure na kwa upole. Asipobadilisha, zawadi ya mama yake itakwenda na kasoro ambayo sasa anaijua. Afanye nini maskini?

Kulipokucha akaenda chuoni. Maalim alikuwa amekaa mlangoni anabangua mbegu za maboga, nasi tuko mkekani. Sikudhani akachutama mbele yake.

"Una nini leo?" Maalim akamuuliza.

"Nina swali, Maalim, ila naogopa kukukosea adabu."

"Uliza."

"Kabla punda hajakupiga teke... ulimi ulikuwa ukiuweka wapi?"

Weee! Tulishika vinywa. Mkono wa Maalim ukasimama juu ya mbegu. Tukauona ulimi wake unakwenda mbele polepole, unatafuta meno, haukuti kitu. Akatugeukia.

"Hebu nyote, Suratul Kauthar."

Tukasoma. Tulipofika mwisho wa aya ya kwanza, chuo kizima: fuu.

"Lahaula!" Maalim akajishika kichwa, na machozi yakamlengalenga. "Miaka minane! Miaka minane nawafundisha watoto wa watu teke la punda!"

Sikudhani akaanza kuomba radhi. Maalim akamkatiza. "Nyamaza, binti yangu. Hujanikosea hata kidogo. Nimetazamwa mdomo na watu wengi, wewe ndiye umeniuliza."

Akachagua mbegu mbili pana za maboga, akazipachika pale pengoni, akazishikilia kwa kidole, akagusisha ncha ya ulimi. Herufi ikatoka. Nyembamba, safi, wala haikupuliza. Sisi hatukuwahi kuisikia maishani mwetu, na nafikiri hata yeye alikuwa ameisahau, maana alishtuka, kisha akacheka mpaka mbegu zikamdondoka mapajani.

"Hiyo hapo!" akasema. "Hiyo ndiyo herufi yangu! Haya mama, wewe meno unayo. Ilete."

Siku tatu nzima aliileta. Ulimi uliozoea kupuliza haukukubali upesi, ukabembelezwa, ukagombezwa, mwishowe ukatii.

Arobaini ikafika. Wanawake walijaa ndani, Maalim akapewa kiti mlangoni kwa heshima yake. Sikudhani akaanza Alhamdu, 'ain yake bado nzito nzito. Akaingia Suratul Kauthar, na mwisho wa aya ya kwanza herufi ikatoka safi. Wanawake vijana waliosoma kwa Maalim wakatazamana. Mmoja wao hakujizuia.

"Makubwa! Mtu kafundishwa juzi tu, leo anamwacha mwalimu wake?"

Sikudhani akakwama palepale, kichwa chini. Nikajua zawadi ya mama yake inataka kuishia njiani.

Maalim Swalehe akasema kutoka mlangoni, taratibu, kila mtu asikie. "Hajaniacha. Herufi aliyoichukua ni yangu, nimempa mimi. Pengo ndilo ameniachia, kwa sababu pengo ni la kwangu peke yangu. Nyinyi mlichukua vyote viwili. Endelea, binti yangu, mama anasubiri."

Sikudhani akaendelea mpaka mwisho. Alipomaliza alijifunika uso kwa kanga akalia, akisema, "Nimekusomea, mama. Nimekusomea mwenyewe." Nasi tukalia naye, hata yule aliyesema makubwa.

Sasa wewe Rehema. Fundi wako wa cherehani ni hodari, nguo aliyoikata yeye haihitaji kupimwa mara ya pili. Lakini mdomo wake unanuka matusi, na jana nimekusikia unamtukana yule binti mgeni mnayejifunza naye kushona, kwa maneno yaleyale na sauti ileile ya fundi. Usimdharau fundi wako, mwanamke wa watu, na wala usiache kwenda kwake. Mkasi wake ufuate mpaka uumudu. Na yule binti kesho ukamwombe radhi.

Umenielewa? Chukua herufi, pengo mwachie mwalimu.