Ufunguo wa Bwana Mrutu

"Nyumba ya ugenini hununuliwa kwa mkono, humalizwa kwa miguu." Nilimwambia hivyo Elineema alipotuonyesha ufunguo wa nyumba aliyonunua Kenya, nanyi mkacheka kana kwamba nimemtukana. Haya, sogeeni niwaeleze msemo huu ulikotoka.

Hapa Same paliishi fundi baiskeli, Bwana Mrutu, na mkewe Nakijwa. Nakijwa alitamani jambo moja tu: kufungua hoteli ya makande huko Voi, ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo wasafiri hawakauki. Mumewe akanunua nyumba huko kwa Mzee Mghanga, Mtaita. Mkataba ukasainiwa mbele ya wakili, fedha zikalipwa, ufunguo ukatolewa.

"Bwana Mrutu, bado," wakili akasema. "Kuna kodi ya serikali, kuna masjala ya ardhi ili hati iandikwe jina lako, na halmashauri nao wakujue."

"Wakili, mlango umefunguka, haukufunguka?"

"Umefunguka."

"Basi!"

Akarudi Same ufunguo ukining'inia shingoni. Kanisani shingoni, sokoni shingoni. Nakijwa akiuliza habari za hati, hujibiwa, "Mke wangu, makaratasi ni ya watu wasio na ufunguo."

Masika yalipokwisha wakaenda na masufuria yao, na baiskeli juu ya basi. Ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka vizuri kabisa. Ndani wakapokewa na mbuzi. Mara akatokea Mwakio, mtoto wa Mzee Mghanga.

"Mnamtafuta nani?"

"Hii nyumba ni yangu! Ufunguo huu hapa!"

"Hata mimi ninao," Mwakio akasema, akautoa mfukoni. "Nimeuliza masjala, jina ni la baba. Hivi karibuni naipangisha kwa mwenye duka la mbolea."

Nakijwa akaketi juu ya sufuria akalia. Mrutu, maskini, aibu ikamshika hata akauvua ule ufunguo. Akapanda baiskeli mpaka mlimani, alikokaa Mzee Mghanga kwa binti yake.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kijana, nimekungoja nikachoka. Mwakio alikuwa Mombasa, wala sikumwambia, nikidhani utarudi upesi. Nina watoto saba na kifua hiki unachokisikia. Ningekufa kabla ya kwenda masjala, ungezungumza na wote saba! Nipakie twende."

Wakaenda. Mzee hakuweza kutembea mbali, basi Mrutu akawa anamsukuma kwenye baiskeli kutoka ofisi hii mpaka ile, katambuga zake miguuni zikilika. Huku wanataka picha, kule wanataka kitambulisho, mara mthamini aje aikague nyumba pamoja na mbuzi wake. Mzee kule nyuma anawapungia watu mkono kama bwana harusi, na kila kwenye mwinuko anapaza sauti, "Sukuma, mwenye nyumba!"

Hati ilipotoka na jina la Mrutu, Mwakio aliwatoa mbuzi mwenyewe, akaomba radhi, akawa mteja wa kwanza wa makande. Mzee Mghanga alikula bure mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuharakisha kufa.

Wageni walioingia hotelini walishangaa kuona ukutani katambuga za tairi zilizotoboka soli. Wakiuliza, Nakijwa humtazama mumewe, akacheka, akawajibu:

"Hizo ndizo zilizotupa nyumba. Nyumba ya ugenini hununuliwa kwa mkono, humalizwa kwa miguu."

Elineema, mbona unaangalia viatu vyako?