Chungu cha Luhende Mwisho wa Shamba

Hapo zamani, katika nchi ya mtama na vumbi jekundu, alikuwako mtu mmoja akiitwa Luhende. Ng'ombe hana, mbuzi hana, kuku anaye mmoja na huyo mmoja alikuwa analala kwa jirani. Mali yake ilikuwa shamba la bondeni aliloachiwa na baba yake, na pembeni mwa shamba lile ndipo alipozikwa mkewe, Mbula. Sasa nchi ile ilikuwa na sheria: shamba lisilolimwa mvua zikianza hurudi kwa mtemi. Na watu wake walikuwa wakilimiana kwa pombe. Mwenye shamba anapika, majirani wanakuja na majembe, wanalima huku wanakunywa. Bila pombe haji mtu. Na mpishi wa nyumba ile alikuwa Mbula.

Basi Luhende akasema, "Mbula alikuwa akipika nami nikimtazama. Nitapika mwenyewe."

Akaroweka mtama ili uote, apate kimea. Akausahau majini hata ukanuka, majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Akaroweka mwingine. Huo ukaota vizuri, akauanika, akausaga, akapika uji, akaumwaga ule unga wa kimea chunguni uji ungali unatokota. Chungu kikakaa kimya, hakitoi povu wala harufu. Luhende akawa anakisalimu kila asubuhi. Jirani yake Nyanzobe akachungulia, akasema, "Shemeji, kimea umekiua kwa moto. Uji hupoa kwanza."

"Kumbe. Mimi nilidhani kimenuna."

Akaanza tena, akangoja uji upoe. Akaenda kuomba chachu, wanawake wakamcheka, mwanamume na chungu cha pombe wapi na wapi. Akarudi, akachukua chujio la marehemu, ambalo halijaoshwa tangu afe na machicha yamekaukia humo, akalizamisha lote ndani. Ikawa jioni chungu kinanguruma. Luhende kwa furaha akakifunga mdomo kwa ngozi na kamba, pombe isije ikatoroka. Alfajiri chungu kikapasuka, pombe ikawa ukutani, na kuku wa mtaa mzima wakashinda wamelala.

Habari zikafika kwa Mtemi Igulwa, ambaye siku nyingi alikuwa akilitamani lile bonde. Akamwita barazani.

"Ewe Luhende, nasikia umekuwa mpishi."

"Najifunza, Mtemi wangu. Vyungu ndivyo havina subira."

Watu wakacheka, Mtemi hakucheka. Akasema, "Nakupa kapu moja la mtama. Utanipikia pombe ya kulimia shamba langu la mlimani, na nchi nzima itakuja kulima. Pombe ikiisha kabla shamba halijaisha, bonde ni langu. Shamba likiisha na pombe ingaliko, bonde ni lako na watoto wako, hata usipolilima."

Basi shamba la Mtemi lilikuwa refu, ukisimama mwanzo wake huuoni mwisho, na kapu moja la mtama halikati kiu ya ukoo mmoja. Watu wote barazani walilijua hilo. Luhende naye alilijua, lakini akauliza, "Na chungu nikiweke wapi, Mtemi wangu?"

"Kiweke utakapo, mradi kiwe ndani ya shamba langu. Usinisumbue."

Luhende akarudi, akakaa kaburini kwa mkewe kitambo, kisha akainuka akapika. Uji ukapoa, chujio likazama, mdomo wa chungu akauacha wazi. Akaonja, ikawa kali kama ndimu. Akatia asali. Ikawa kali na tamu, kila kitu kwa upande wake. Akatia majivu kidogo kuvipatanisha, havikupatana.

Siku ya kulima watu wakajaa, wamekuja na majembe na vibuyu vyao vya kunywea. Luhende akapita katikati yao na chungu kichwani, akaingia kwenye nyasi, akaenda, akaenda, hata akafika mpaka wa mwisho. Akakitua, akaketi kando yake.

Mnyapara wa Mtemi akamfuata akihema. "Wewe, pombe huwekwa mwanzo wa shamba."

"Mtemi amesema niiweke nitakapo."

"Na watu watakunywaje?"

"Watafika tu."

Na desturi ya kule, mtu akishashika tuta lake haliachi mpaka alimalize. Akiliacha wanawake humwimba kwa dhihaka mpaka kwao. Basi watu walikuwa wameshashika matuta, na kiu imeshawashika wao. Wakainama. Majembe yakalia siku ile kama mvua ya mawe. Hakuna aliyesimama kupiga soga, hakuna aliyelala kichakani, maana hakuna aliyelewa.

Jua lilipoanza kushuka Mtemi akaja na kigoda chake, tayari kutazama chungu kitupu. Akakuta shamba jekundu lote, na walimaji wanamalizia matuta yao miguuni pa Luhende. Chungu kimejaa.

"Umenihadaa," akasema Mtemi. "Hawakunywa kitu."

"Mtemi wangu, uliamuru isiishe kabla ya shamba. Nami naijua pombe, ikianza kunywewa huisha. Nikaona isianze."

Mtemi akakitua kigoda chake. Kisha akasema, "Haya, wape." Luhende akaonja kwanza, kama ilivyo ada ya mpishi, wala uso haukumbadilika. Akampa Mtemi. Mtemi akanywa funda moja, akafumba macho, machozi yakamtoka. Watu nao wakapewa, kila mmoja funda lake, na kila mmoja akakiweka kibuyu chake kando kwa adabu.

Mnyapara akachungulia chunguni. "Mtemi, shamba limeisha. Pombe ingaliko."

Hapo Mtemi akacheka, akacheka hata akakosea kigoda akakaa chini. "Bonde ni lako," akasema. "Pamoja na kilichobaki chunguni."

Luhende akawageukia majirani, akasema kwa upole, "Ndugu zangu, kesho kutwa nami nitawaomba mnilimie bonde. Nitawapikia hii hii."

Watu wakatazamana. Nyanzobe akasema, "Shemeji, usijisumbue. Tutakuja kulima bure."

Wakaja wote, mapema, na maji yao ya kunywa wamejibebea. Nami jembe langu nalitua hapo.